Idi ya Kanzu za Mikunjo

Hakuna mtu Maskati nzima aliyefua nguo za watu nyingi kuliko mimi. Anayebisha na aje nimuonyeshe viganja. Nalisema hili mwanzo kabisa ili nyinyi vijana mliobaki na mashine zangu kule Rusayl msije mkadhani mimi ni tajiri wa kuzaliwa aliyekwenda kununua kiwanda. Nimeacha kazi juzi juzi, na si kwa uzee, kwani bado naweza kumshinda mmoja wenu kukamua blanketi. Ila mgongo umesema basi, na mgongo wa dobi ukisema basi hauna wa kumkatia rufaa. Mmeniomba nikuandikieni tulivyoanza. Haya, naandika. Mwenye kuandika alifika darasa la tatu akakimbia skuli, kwa hivyo mkikuta herufi imekaa upande, inyosheni wenyewe kama mnavyonyosha kola.

Nilishuka Matrah, bandari ya Maskati, mwaka wa sitini na nne, mwaka ambao wengi wetu tulishuka mahali tusipopajua tukaambiwa hapa ndipo kwenu. Babu yangu alitoka huku. Mimi nilizaliwa Unguja, Ng'ambo, na Kiarabu changu kilikuwa cha kusalia tu. Nikienda dukani kuomba kiberiti, mwenye duka anamwita mwenzake aje asikie. Wenyeji walituita Zinjibari, na hawakuwa na ubaya, ila ukiitwa kwa jina la ulikotoka kila siku, unajua bado hujafika. Tulikuwa wageni wenye majina ya wenyeji. Tulikaa familia tatu nne nyumba moja, tukigawana uwa na jiko, na kila Ijumaa wanaume tulikutana barazani kwa Maalim Suleiman, aliyekuwa akisomesha Kurani kwetu na sasa anasomesha watoto wetu bure. Hapo ndipo khabari zilipopatikana: nani kafika, nani kenda Kuwait, nani kapata nazi kutoka melini na atauza au atakula peke yake.

Nilibeba mizigo forodhani mpaka bega likatoa sugu. Siku moja nilibebeshwa furushi la nguo chafu kupeleka kwa dobi, Wattaya. Nyinyi mkisikia Wattaya mnaona maduka ya magari na vioo. Wakati ule palikuwa na mitende, visima, na vumbi. Chini ya mitende hiyo nikamkuta Mhindi mmoja mkavu kama ukuti, anapiga shuka juu ya jiwe. Huyo ndiye Mzee Jivan. Alifua nguo Mombasa ujanani mwake, kwa hivyo Kiswahili alikuwa nacho, cha maneno machache lakini kila neno limekamuliwa.

"Umelifunga furushi vibaya," aliniambia, hata salamu hakuna. "Kola zote zimevunjika."

"Nguo si chafu? Zinavunjika nini?"

"Nguo chafu ina kola pia. Mtu mchafu hana shingo?"

Nikacheka. Wiki ile ile nikarudi kumuomba kazi.

Siku ya kwanza hakunipa nguo. Alinipa jiwe. Aliniambia nilipapase lote kwa kiganja, nitafute kila kipele kinachoweza kuchana uzi, nikisugue kwa mchanga na maji mpaka kilainike. Nilisugua tangu asubuhi hadi alasiri. Nilipomwambia tayari, alichukua kipande cha melimeli, nguo nyepesi kuliko zote, akakiburura juu ya jiwe. Kikanasa. Akanionyesha mahali kilipobaki kipele kimoja kidogo kama punje ya ufuta, akarudi kwenye shuka zake. Nyinyi mnabonyeza kitufe. Sikulaumuni, nilivinunua mwenyewe vitufe hivyo. Lakini anayefungua mashine yangu asubuhi bila ya kwanza kuingiza mkono kupapasa ndani ya pipa, huyo si mfanyakazi, ni mpita njia.

Maji ya visima vile yalikuwa na chumvichumvi na sabuni ilikataa kutoa povu. Mzee Jivan alinifunza kuyalaza na magadi. Alinifunza kutia buluu, tone tu, kwani likizidi kanzu inakuwa kama mbingu. Alinifunza kupima joto la pasi ya makaa kwa kuileta karibu na shavu. Alinifunza alama: kila mteja na nukta zake ndani ya kola, kwa wino wa kokwa ya Kihindi usiotoka hata nguo ikichakaa. Mimi wa kusoma kwa shida, nukta zile zilikuwa skuli yangu ya pili, na hii sikuikimbia.

Wanga ndio mimi nilimfunza yeye. Nasema kweli. Kwao walikuwa wakitia kidogo, nguo isimame tu. Sisi watu wa Unguja tunataka kanzu isimame hata mwenyewe akikaa. Muhogo haukuwapo, basi nikapika mchele wa chenga mpaka ukawa uji mzito, nikauchuja kwa kitambaa, nikaupoza ndani ya karai kubwa la shaba. Kanzu ikitoka humo ikapigwa pasi ilikuwa ikilia ukitembea. Zinjibari wote wakanihamia. Walikuwa wamepoteza mashamba, majumba, wengine na watu wao. Walichobakiwa nacho cha kuonyesha ilikuwa kanzu moja nzuri, na walitaka iseme kwa sauti.

Ukifua nguo za watu unajua maisha yao kabla ya barazani hawajasema. Kanzu yenye goti lililochakaa, mwenyewe yu msikitini siku nzima, kazi hajapata. Shati jipya la kola ngumu, huyo anajitayarisha kwenda Kuwait. Mito imekoma kuja kufuliwa, wameiuza. Nilijua na nilinyamaza, kwani dobi mwenye mdomo hakai mji mmoja. Na wateja wangu hawakuwa Zinjibari peke yao. Walikuwapo Mabaniani, Wapakistani, Wagoa, Waingereza wa kambi ya mafuta. Waliwahi kuja Wajapani wawili wa mambo ya meli, wakakaa Matrah miezi kadhaa, na nguo zao chafu walizileta zimekunjwa vizuri kuliko nilivyokuwa nikizirudisha safi. Mmoja alikuwa na vazi la pamba la nyumbani, refu kama kanzu lakini wazi mbele. Sikujua la kulifanya nikalitia wanga wa Kiunguja, likakakamaa kama ubao. Mzee Jivan akasema nimeharibu. Yule Mjapani alipolipokea akaligonga kwa kidole, tok tok, akalinusa, akainama mbele yangu mpaka kiunoni. Nadhani hata kwao ndivyo wanavyopenda. Alisimama pale akilishika kwa muda, na mimi sikumhimiza. Nilimjua. Sisi sote tulikuwa tukitafuta kwetu ndani ya nguo.

Sasa niseme jambo ambalo nyinyi hamlijui, kwa kuwa mmezaliwa mashine zipo. Zamani zile, Muislamu akirudishiwa nguo na dobi alikuwa akiitia maji tena nyumbani kwake. Dobi mara nyingi si wa dini yetu, anafua ya huyu na ya yule, nani ajuaye nini kimeingia ndani ya karai moja. Kwa hivyo nguo iliyokwisha pigwa pasi inasuzwa tena kwa ajili ya twahara, inakunjika, na kazi yote inakwenda na maji. Mimi nikaona hapo pana mlango. Nikamwambia Mzee Jivan: wewe fua, pasi piga, lakini suzo la mwisho la nguo za Waislamu ni langu, kwa maji mengi na karai mbali, na nguo za wenye mbwa hazikaribii hapo. Akasema sawa, kazi ni yako na mgongo ni wako. Nikatangaza barazani kwamba nguo iliyotoka mkononi kwangu inasaliwa kama ilivyo. Watu wakaamini. Jina langu lote lilijengwa juu ya neno hilo moja.

Aliyekataa kuamini alikuwa Bwana Khalfan. Huyu alikuwa na mikarafuu Pemba, na dobi alikuwa akimjia nyumbani na kusubiri nje. Sasa alikaa chumba kimoja na ukumbi katika nyumba ya wapangaji Matrah, yeye na binti yake Zuwena, mama mtu amekufa zamani. Nguo zao wakifua wenyewe. Lakini wapangaji wenzao walikuwa wateja wangu, nami nikipeleka nguo nasimama mlangoni, na anayepokea, nyuma ya mlango, ni Zuwena.

"We dobi, kola ya Bwana Saidi umeiunguza."

"Sikuiunguza bibi. Ndiyo rangi yake."

"Basi yameungua macho yako. Chukua, rudia."

Nikarudia. Haikuwa imeungua, nakuapieni, lakini nilirudia, na mara tatu nyengine nikarudia kola zisizo na kasoro. Mwisho nikamtuma Maalim Suleiman akanisemee kwa baba yake. Maalim alirudi akijikuna ndevu.

"Kasema Mwarabu mzima, mwana wa watu, anafua suruali za makafiri."

"Na wewe ulimwambiaje?"

"Nilimwambia suruali haina dini. Akacheka kidogo. Halafu kasema hivi: huyu kijana anajigamba kwamba nguo yake inasaliwa. Idi hii nitampa kanzu yangu. Nikiweza kuivaa nikasali bila ya moyo wangu kuniambia isuze, aje tuzungumze. Nikiingiwa na shaka hata kidogo, asilitaje tena jina la binti yangu."

Basi ikaletwa. Kanzu nyeupe ya lasi, kitambaa cha wenye uwezo, nzee, imetiwa viraka kwa mkono mzuri ambao nilijua ni wa nani. Niliipa nukta zake peke yangu.

Ilikuwa siku ya mwisho ya Ramadhani, au ya kabla ya mwisho, kwani mwezi ungeweza kuandama magharibi ile. Miezi ya baridi, jua la kupigia picha tu, si la kukaushia. Kanzu za Idi za Zinjibari wote wa Matrah zilikuwa mikononi mwangu, kila mtu na moja yake aliyokuwa nayo. Zilikwisha fuliwa, zilikwisha suzwa, nilikuwa nikizizamisha kwenye wanga, karai limejaa. Nikasikia Landrova. Ni bibi mmoja wa Kiingereza, mume wake yuko kambi ya mafuta, mtu mwema, alikuja kuchukua mashuka yake. Nikaenda kumtolea. Mbwa wake, jina lake Biskuti, alizoea kukaa ndani ya gari. Siku ile aliruka.

Niligeuka nikamuona. Kasimama kwa miguu ya nyuma, mikono miwili juu ya ukingo wa karai, anakunywa uji wa mchele kwa raha zake, ulimi unaingia na kutoka, na kanzu za watu zinaelea chini ya kidevu chake. Ya juu kabisa ilikuwa ya lasi, yenye viraka.

Bibi akapiga kelele, akamkamata ukosi, akaomba radhi mara nyingi. Hakujua kilichotokea. Kwake yeye mbwa alikunywa uji, basi; kwetu sisi mate ya mbwa yamenajisi kila kilichokuwamo karaini. Akaondoka na mashuka yake.

Tukabaki mimi na Mzee Jivan na mitende. Nilikaa kwenye jiwe. Yeye akaja akasimama karibu.

"Hakuna aliyeona," akasema taratibu. Hakusema kwa hila. Alisema kama anayefungua mlango akauacha wazi, kuingia ni shauri lako.

Na kweli hakuna. Mwaga wanga, suza mara moja, tia mwengine, piga pasi. Kanzu zingekuwa nyeupe vile vile. Zuwena angekuwa wangu kabla ya mwezi kuisha. Nilifikiri yote hayo, msidhani mzee wenu ni malaika. Lakini nikamuona Bwana Khalfan anasujudu, moyo wake umetulia kwa neno langu, na mimi safu ya nyuma yake najua. Kila sala yake baada ya hapo ningekuwa nimesimama nyuma yake najua. Nikasema, mtu gani anaweza kula wali kwenye nyumba hiyo?

Shambe akafika na punda wake. Shambe alikuwa Mbulushi mchukuzi wetu, alikuja kubeba zilizokwisha.

"Rudi Matrah," nikamwambia. "Nenda kwa Maalim, umwambie na kila mtu unayemjua. Mbwa kanywa wanga. Nguo zote nazirudia saba, na udongo. Anayetaka yake aje aone kwa macho."

"Niwaambie mimi?"

"Wewe."

"Watanipiga mimi."

"Wewe una punda. Utakimbia."

Akaenda akinung'unika. Sasa maji. Kufua mara saba nguo za mji mzima kunataka maji ya wiki, na kisima hakikuwa chetu. Mwenyewe alikuwa Mzee Hamed, mwenyeji wa hapo hapo, mtu wa maneno makali ambaye alituruhusu kufua kwa maji yanayobaki baada ya mitende yake kunywa. Ng'ombe wake alivuta ndoo ya ngozi kwa kamba, anateremka anapanda, tangu alfajiri, na zamu ya mitende ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Nikamwendea, nikamueleza kwa Kiarabu changu kibovu. Hakucheka.

"Wote wana kanzu moja moja?" akauliza.

"Moja moja."

Akaitazama mitende yake. Kisha akamwita mtu wake aliyekuwa nyuma ya ng'ombe akamwambia azibe mfereji wa shamba, afungue wa kwetu.

"Leo na mitende ifunge pamoja na sisi," akasema.

Tukaanza. Udongo tukautia kwenye maji ya kwanza ili sita zinazofuata ziuondoe, na udongo wenyewe tulitumia ule mweupe laini wa wadi, mto mkavu wa kule, ambao wanawake wa hapa huoshea nywele. Mngeziona kanzu za Idi zikigeuka rangi ya ukuta, mngelia. Mzee Jivan alikunja nguo yake mapajani akaingia kazini bila ya kuombwa, akihesabu kwa sauti, nami nasuza mbele yake.

"Mbwa mmoja, mara saba," akasema tulipofika mzunguko wa pili. "Na kama angekunywa huyu ng'ombe?"

"Ng'ombe hana neno. Tungeendelea."

"Aa. Hapo dini zetu zimekubaliana."

Adhuhuri Zinjibari wakaanza kutokea njiani kwa miguu, na swaumu zao, vinywa vikavu. Wa mbele walikuwa na hasira.

"We Nassor! Ulituambia yasaliwa!"

"Na ndiyo maana nimekuiteni."

"Tumekupa kanzu umetupa matope!"

"Yakhe, acha kelele, shika ncha hii tukamue."

Maalim Suleiman aliwasili juu ya punda wa Shambe, miguu inakaribia kugusa chini. Akatazama, akauliza udongo umetiwa mzunguko gani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mmoja akamwambia, "Maalim, si wapo wanaosema tatu zatosha kwa nguo?"

"Wapo."

"Sasa kwa nini saba?"

"Muulize mwenye mgongo."

Nikamjibu mimi: sijui vitabu, ila najua watu. Nikifua tatu, kesho safu nzima inasali na kuhesabu. Nikifua saba, watasali tu. Maalim alivua joho lake akaja kukamua.

Bwana Khalfan alifika wa mwisho. Watu wakampisha. Alisimama mbele yangu na bakora yake, maji yananitiririka mpaka kifuani.

"Nani aliona?" akauliza.

"Mimi."

"Na mwengine?"

"Mzee Jivan."

"Kwa hivyo ungenyamaza..."

"Ningenyamaza ungesali, Bwana. Wewe ungesali."

Aliegemeza bakora yake kwenye jiwe. Tulikuwa tumemaliza mzunguko wa tano. Akanyoosha mkono kwenye rundo, akaitambua ya kwake kwa viraka, akaichomoa ikichuruzika, akaikunja juu ya bega la koti lake. Akaondoka nayo, na matone ya maji yakafuata nyuma yake njia nzima. Watu wakanitazama wakaangalia pembeni. Kila mtu alijua nimetuma nini kwake na nimejibiwa nini. Nikasema moyoni, basi, limekwisha, na nikashika kanzu iliyofuata, kwani bado mbili.

Tulimaliza jua linaegemea. Wanga hapana, ulimwagwa. Kila mtu akachukua yake mbichi begani kurudi Matrah kabla ya milango ya mji kufungwa. Pasi za makaa tulikuwa nazo mbili. Mmoja akanivuta pembeni, "Nassor, ya kwangu tu, nna wakwe." Nikamkatalia. Nikiipiga moja nimewachagua watu, na mimi siku ile sikuwa na haki ya kumchagua mtu. Mwezi ukaandama. Mizinga ikalia.

Asubuhi tukasali Idi. Zinjibari wote, tuliokuwa tukijulikana kutoka mbali kwa weupe na ukakamavu, tulikuja na kanzu zilizolala mwilini kama ngozi, mikunjo kila upande, makwapa bado yana unyevu, na harufu ya udongo wa wadi. Tuliona haya. Tulijipanga pembezoni. Baada ya khutba Mzee Hamed alipita akitusalimu mmoja mmoja, akafika kwangu akasema, "Nimekutafuteni Zinjibari tangu mwanzo wa sala nisikuoneni. Nimeona watu tu." Sijui kama alikusudia kuchoma au kupoza. Mimi nimeliweka kwenye kupoza, na liko huko mpaka leo.

Kisha nikamuona Bwana Khalfan anakuja, kavaa ya lasi. Ilikuwa na mikunjo kuliko zote. Alinipa mkono wa Idi, na kiganja chake kilikuwa kimechubuka.

"Mbili za mwisho nimefua mwenyewe," akasema. "Uwani. Zuwena ananimiminia maji na kunicheka. Mgongo wangu, mwanangu, sijui kama nitainuka kwenye sala ya adhuhuri."

"Ungeiacha Bwana, ningeimaliza."

"Nilitaka kujua saba ni ngapi." Akainyosha kola, haikunyoka. "Moyo wangu haukuniambia kitu leo. Njoo kesho kutwa. Njoo na mkubwa wako, kama watu wanavyofanya."

Hapo ndipo nilipokwama. "Bwana, mimi sina mkubwa hapa. Wangu wamebaki, na waliobaki sijui wako wapi. Aliye juu yangu Maskati hii ni Mzee Jivan."

Maalim Suleiman akakohoa, akasema kwamba yeye yuko tayari kuwa mkubwa wangu. Bwana Khalfan akatazama chini, kisha akanitazama mimi.

"Aliyekuwapo wakati ule ni yeye," akasema. "Mlete."

Mzee Jivan alikuja nami siku hiyo ya posa na nguo zake nyeupe za Kihindi zimepigwa wanga wa Kiunguja, kilemba kichwani, na nazi moja mkononi. Kwao posa haiendi bila ya nazi. Aliipata wapi sijui, alikataa kusema. Akaiweka mkekani mbele ya Bwana Khalfan kwa mikono miwili. Bwana Khalfan aliinua ile nazi, akaitikisa sikioni kusikiliza maji yake, na akakaa nayo hivyo, macho kafumba, muda mrefu kuliko nazi inavyotaka kusikilizwa.

"Mzee Jivan," akasema mwisho, "mimi naulizwa binti, na mimi nauliza. Huyu kijana wako ana kasoro gani?"

Mzee Jivan alifikiri kwa makini, kama anayetafuta kipele juu ya jiwe.

"Anapiga kola kwa nguvu mno. Miaka minne namwambia, hasikii."

"Na kasoro nyengine?"

"Hizo atakwambia mwenyewe. Hata usipomuuliza."

Bwana Khalfan akacheka. Maalim akacheka, na nyuma ya mlango kuna mtu alicheka akajiziba mdomo. Kisha Bwana Khalfan akageuka kuelekea mlango ule, nazi bado iko mkononi.

"Zuwena! Njoo uichukue nazi ukapike wali. Na mchuzi wa nyama usitie, mkwe wetu huyu mzee hali nyama."